Cherehani ya nguo na kazi ya ngozi: fundi wa nyumbani aanzie wapi?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni fundi wa nguo, ninafanya kazi nyumbani Walukuba, Jinja, kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga. Ninashona sare za shule na magauni, lakini kwa muda mrefu nimetamani kutengeneza vitu vya ngozi kwa mikono yangu: pochi, makubadhi, hata mkoba. Nimenunua koti kuukuu la ngozi kwenye mivumba, yaani soko la nguo za mitumba, na nyumbani ipo ngozi ya mbuzi tuliyemchinja Idi, ambayo mume wangu aliiwamba ikakauka. Je, cherehani yangu itaimudu ngozi? Nianze na kazi gani, na vifaa gani ninunue kwanza bila kupoteza fedha?

Jibu: Wa alaikumu salaam, dada. Nianze na lile unalotaka kulijua upesi. Cherehani yako itashona ngozi laini ya koti. Haitashona ngozi nene ya makubadhi wala ya mshipi. Na kazi yako ya kwanza isipitie kwenye cherehani kabisa. Anza kwa mkono, kwa sindano mbili na uzi mmoja, utengeneze kipochi cha kadi. Nitakueleza sababu yake, kisha nitalirudia koti lako na ngozi yenu ya mbuzi, ambayo mambo yake ni mbali na hayo mengine.

Kitambaa ukikikosea unafumua, unapiga pasi, na nyuzi zake zinarudi mahali pake, lakini tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki tena. Kila tundu ulilotoboa litaonekana maadamu kitu hicho kipo, na matundu yakikaribiana mno hukata ngozi kama karatasi ya stempu. Fundi wa nguo anayehamia kwenye ngozi huwa tayari anajua mambo mengi yanayomsumbua mtu mgeni kabisa: kupima, kutengeneza kigezo cha karatasi, kuacha nafasi ya mshono, kufikiria upande wa ndani kabla ya upande wa nje. Anachokosa ni mazoea ya kupanga matundu kabla ya kushona, na mazoea hayo huingia mkononi kwa haraka zaidi unaposhona polepole, tundu baada ya tundu, kuliko unapokanyaga cherehani na kuitazama ngozi ikipita.

Sasa ngozi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ngozi utakazokutana nazo ni za namna mbili kubwa kwa jinsi zilivyosindikwa, yaani zilivyotiwa dawa ili zisioze. Ya kwanza husindikwa kwa maji ya magome ya miti yenye tanini, ile dawa ya asili iliyomo kwenye magome, kazi inayochukua majuma na hata miezi. Hutoka ikiwa imara kiasi, rangi yake ya kahawia hafifu, hunywa maji, hukubali kufinyangwa na kupigwa chapa ikiwa na unyevu, na kingo zake hung'aa zikisuguliwa. Ya pili husindikwa kwa chumvi za kromu, dawa ya kiwandani itokanayo na madini, njia ambayo Augustus Schultz aliipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, huko Marekani mwaka 1884 na ambayo leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya ngozi duniani, kwa sababu humalizika kwa muda mfupi mno ikilinganishwa na magome. Ngozi ya kromu ni laini, hunyumbulika, huvumilia maji, na ndiyo iliyomo kwenye makoti, mikoba laini na viatu vingi. Koti lako karibu bila shaka ni la kromu.

Ili kuzitofautisha, tazama kwanza ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome huwa ya kahawia kutoka uso hadi nyuma, na ya kromu mara nyingi huonyesha katikati rangi ya kijivu au samawati hata kama uso wake umepakwa rangi nyekundu au nyeusi. Kisha dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana: ngozi ya magome isiyopakwa rangi italinywa na kuiva rangi papo hapo, ilhali juu ya ile ya kromu tone kwa kawaida hukaa kwanza. Usifuate ushauri wa kuichoma kwa kiberiti ili kuitambua, kwa maana moto unaweza kuigeuza kromu iliyomo iwe ya aina yenye sumu. Kwa sababu hiyohiyo vipande vinavyobaki visitiwe kamwe kwenye sigiri ya kupikia. Ngozi bandia hujitaja yenyewe ukiigeuza, kwani nyuma yake kuna kitambaa kilichofumwa badala ya nyuzinyuzi zilizosokotana, na uso wake huanza kubanduka vipandevipande baada ya matumizi. Na ukiuziwa ngozi yenye unyevu, ya samawati mwili mzima, ujue hiyo ni ngozi iliyosindikwa nusu, ambayo viwanda vyetu vya Uganda husafirisha kwa wingi ikiwa katika hali hiyo. Bado inahitaji kazi ya kiwandani, kwa hiyo iache hata ikiwa rahisi.

Jambo la pili ni unene, na huu hupimwa kwa milimita. Kipochi cha kadi kinataka ngozi ya milimita 1 hadi 1.2, mkoba unaobeba vitu vya kawaida milimita 1.6 hadi 2.5, na mshipi wa kiunoni milimita 3 hadi 4. Muuzaji anayetumia wakia anazungumzia unene uleule: wakia moja ni takriban milimita 0.4. Eneo huuzwa kwa futi ya mraba, ambayo ni kipande cha sentimita 30.5 kwa 30.5, lakini kwa mwanzo huu usinunue ngozi nzima. Waendee mafundi wanaotengeneza viatu na makochi, uwaombe kununua vipande wanavyovitupa. Kipochi kimoja hakihitaji kipande kikubwa kuliko kiganja chako mara tatu, na mabaki ya fundi viatu yanaweza kukupa mazoezi ya miezi.

Ukifika siku ya kununua ngozi nzima ya ng'ombe, iangalie kwa mkono na kwa jicho. Sehemu ya mgongo ndiyo imara kuliko zote, na mikanda yote ya mkoba ikatwe hapo, kwa kufuata urefu wa uti wa mgongo. Sehemu ya tumbo hunyumbuka na kulegea, nayo ifanyiwe vitu visivyovutwa. Ng'ombe wetu hupita kwenye miiba, huumwa na kupe na hupigwa chapa ya moto, na alama hizo zote hubaki. Mimi siziiti dosari zote. Kovu la mwiba lililopona linaweza kuwekwa mbele ya mkoba likapendeza, lakini mkato wa kisu cha mchunaji upande wa nyama ni hatari ya kweli, kwa sababu ngozi itapasuka hapo. Igeuze ngozi na uipitishie vidole upande wa nyuma kabla ya kulipa.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Unahitaji kisu chenye wembe unaobadilishwa, rula ya chuma, msharasi (chuma cha kutobolea) wenye ncha nyembamba, sindano mbili butu, uzi, nta ya nyuki, nyundo ndogo, msasa, na gundi ya viatu. Sindano butu ikikosekana, chukua sindano za kawaida za mkono zenye tundu kubwa usugue ncha zake kwenye jiwe mpaka zisichome kidole. Kazi ya kutoboa ni ya msharasi, na sindano kali itachoma uzi ulioutangulia. Uzi uwe wa poliesta au nailoni, wa unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, uzi wa pamba uuache, kwa kuwa huoza mapema ndani ya ngozi inayopata jasho na unyevu. Nta ipatikane kwa watu wanaouza asali. Upitishe uzi juu ya donge la nta mara kadhaa mpaka ushike vidoleni: nta huuzuia usifumuke, huufanya ukae pale ulipouvuta, na huziba matundu. Vitoboleo vyenye meno vinavyopanga matundu kwa mstari ni vizuri sana, lakini visubiri. Vitoboleo vya duara vya kutilia vifungo wanaweza kukuchongea mafundi chuma, na Katwe kule Kampala kuna mikono inayoweza kazi hiyo.

Kibanio cha kushikia kazi ndicho kifaa kinachodharauliwa na wengi, nami nakusihi usikidharau. Mwambie seremala akukatie mbao mbili nyembamba za urefu wa kutoka kwenye kiti hadi kifuani ukiwa umeketi, zifungwe pamoja chini na zibane juu, midomo yake ibandikwe kipande cha ngozi laini. Unazibana kati ya magoti, kazi inakaa katikati ya midomo, na mikono yako yote miwili inabaki huru. Bila hicho mkono mmoja utakuwa unashika na mmoja unashona, na mshono wa sindano mbili hauwezi kunyooka namna hiyo.

Tuje kwenye kipochi. Kadi ya benki na kitambulisho cha taifa vina kipimo kimoja, milimita 85.6 kwa 54. Kata kigezo cha karatasi ngumu cha milimita 100 kwa 80, ambacho kitakupa vipande viwili vya nje, na kingine cha milimita 100 kwa 60, ambacho ni mfuko wa mbele. Ukishona milimita 4 kutoka ukingoni kila upande, ndani itabaki nafasi ya milimita 92, kwa hiyo kadi itaingia bila kulegea wala kukwama. Pembe za chini zizungushe kwa kuchora kandokando ya sarafu ya shilingi mia tano. Fuata kigezo kwa ncha ya msharasi badala ya kalamu ya wino, kisha kata kwa rula ya chuma kwa kupitisha kisu mara tatu au nne kwa wepesi. Anayekandamiza mara moja ndiye ambaye kisu humteleza.

Kabla ya kuunganisha, ng'arisha ukingo wa juu wa kila kipande kwa njia nitakayoieleza hapo chini, kwa sababu baadaye hutaufikia. Kisha kwaruza kwa msasa ukanda mwembamba wa milimita 3 pale vipande vitakapogusana, kwa maana gundi haishiki juu ya uso laini wa ngozi. Paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, kwa kawaida dakika kumi hadi kumi na tano, ndipo uvibandike na kuvigonga kwa nyundo. Gundi hii huuma papo hapo na haitakupa nafasi ya kusogeza, kwa hiyo lenga pembe moja kwanza uteremke polepole. Mvuke wake hulewesha na hushika moto. Fanya kazi hii barazani, mbali na sigiri na mbali na watoto, na kopo ulifunge kila ukimaliza kuchovya.

Kwa matundu, chukua karatasi ya grafu yenye vijisanduku vya milimita, uikate ukanda, uibandike kwa gundi hafifu kandokando ya mstari wa mshono, utie alama kila milimita 4. Weka kazi juu ya kipande cha tairi au ubao laini, usimamishe msharasi wima, toboa mpaka upande wa pili. Ukiulaza msharasi, matundu ya nyuma yatayumba hata kama ya mbele yamenyooka, na hapo ndipo kazi ya mwanafunzi hujulikana.

Sasa mshono wenyewe. Pima urefu wa mshono uuzidishe kwa nne, uongeze sentimita ishirini au thelathini za kushikia. Kwa kipochi hiki, pande mbili na chini ni kama sentimita 26, kwa hiyo uzi wa mita moja na robo hadi mita moja na theluthi utatosha. Tia sindano kila ncha ya uzi. Pitisha moja kwenye tundu la kwanza, uvute mpaka nyuzi za kulia na kushoto zilingane. Kwenye tundu linalofuata, sindano ya kushoto ipite kwanza, uvute uzi kidogo, kisha sindano ya kulia ipite kwenye tundu lilelile ikitokea upande wa pili, nyuma ya uzi wa kwanza na bila kuuchoma. Vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa mpaka mshono ulale. Siri yote ya uzuri wake ni kutobadilisha mpangilio: iliyotangulia tundu la kwanza itangulie hadi la mwisho, na sindano iliyopita nyuma ya uzi ipite nyuma siku zote. Ukifika mwisho, rudi matundu mawili au matatu, kata nyuzi karibu na ngozi, zichome kidogo kwa kiberiti zijifunge, kisha ugonge mstari wote kwa nyundo kwa upole.

Cherehani haiwezi kukupa mshono huu. Kwenye cherehani uzi wa juu na wa chini hukamatana katikati ya ngozi tu, na mmoja ukikatika mshono huanza kuachia. Kwenye mshono wa sindano mbili kila uzi hupita pande zote mbili za kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mmoja ukikatika mwenzake bado ameshikilia. Matandiko ya farasi yameshonwa hivyo tangu zamani, kwa sababu maisha ya mpandaji yalikuwa juu ya mshono. Mshipi wa mkoba unaobeba uzito kila siku nao unastahili kushonwa hivyo, hata kama mkoba wenyewe umepita kwenye cherehani.

Kingo humaliziwa kulingana na ngozi. Ikiwa ni ya magome, sugua kwa msasa wa namba 240, kisha 400, kisha 600, lowesha kidogo kwa kidole, na usugue kwa kitambaa kizito cha turubai au kijiti laini mpaka ukingo upate joto na kung'aa; malizia kwa nta. Ngozi ya kromu haing'ari namna hiyo hata ukisugua hadi Magharibi. Kingo zake hukunjwa ndani au hupakwa rangi maalumu ya ukingo. Jambo jingine la kuangalia kwenye ngozi ya magome ni chuma: ikiwa na unyevu na ikagusana na chuma, hupata doa jeusi lisilotoka, kwa sababu tanini na chuma huungana. Mafundi hutumia jambo hilohilo kwa makusudi, wakiloweka misumari kwenye siki kwa siku kadhaa na kupaka maji yake ili kupata rangi nyeusi iliyozama, wakaisuuza ngozi kwa maji yenye bekingi soda kisha wakaipaka mafuta.

Ukishatengeneza vipochi kadhaa na matundu yako yamekubali kunyooka, ndipo ulifumue koti. Lifumue kwa wembe kwenye mishono yake ya zamani, usilikate ovyo. Kipande kikubwa na kizima kuliko vyote ni cha mgongo. Viwiko huwa vimevutika na haviaminiki. Ngozi ya koti mara nyingi haifiki au haizidi sana milimita 1, na tabaka mbili zake cherehani yako ya chuma, iwe Singer au Butterfly, itazishona vizuri. Kagua sindano kwanza: inahitajika sindano ya ngozi, ambayo ncha yake ina ubapa wa kukata, ya namba 16, yaani 100, au 18, yaani 110, ikiwa ngozi ni nzito kidogo. Nenda dukani na sindano yako ya sasa ulinganishe shina, kwa kuwa baadhi ya cherehani za zamani hutumia shina la mviringo. Ongeza urefu wa mshono hadi milimita 3.5 au 4, legeza kidogo mguu unaokandamiza, tumia uzi wa poliesta juu na chini. Usitumie pini, zitaacha matundu; bana kwa vibanio vya nguo au kwa gundi kidogo. Usirudi nyuma mwanzoni na mwishoni kama unavyofanya kwenye sare, bali acha nyuzi ndefu, uzivute upande wa nyuma na kuzifunga kwa mkono. Mguu wa cherehani ukigandia uso wa ngozi, weka karatasi nyembamba juu, shona, kisha uichane. Panapokutana tabaka nne, usikanyage. Zungusha gurudumu kwa mkono, na ukisikia cherehani inagoma, simama. Hapo punguza unene wa ngozi kwa wembe upande wa nyama, au mahali hapo pamalizwe kwa mkono. Mshono ukiisha usiupige pasi: fungua kingo zake, upake gundi, ugonge kwa nyundo zilale.

Kazi nzuri ya kwanza ya koti ni mfuko mdogo wa zipu wa kutilia vifaa vya shule au vipodozi, vipande viwili vya sentimita 24 kwa 18 na bitana ya kitenge. Bitana utaishona kwa ujuzi ulionao tayari, na zipu umeshatia nyingi. Pochi ya fedha ukiitaka, usitumie vipimo vilivyoandikwa na watu wa nchi nyingine, kwa kuwa fedha zao si kimo cha zetu. Chukua noti ya elfu hamsini uipime mwenyewe, uongeze nafasi ya mshono na ya kuitoa kwa vidole.

Naomba niseme neno kuhusu nguo ya gome, olubugo, kwa sababu nasikitika kuona mafundi wetu wakiagiza vitambaa vya mapambo kutoka mbali. Hutengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, ambao hupona na kuvunwa tena, na UNESCO iliutambua ufundi huo wa Buganda mwaka 2005. Rangi yake ya udongo mwekundu hukaa vizuri mno pembeni ya ngozi ya kahawia. Haina nguvu ya kuvutwa na hulegea ikilowa, kwa hiyo ibandike juu ya kitambaa cha pamba kwanza, iwe kifua cha mkoba tu, na kingo zote, kitako na mikanda viwe vya ngozi.

Makubadhi yangojee kidogo, ila nikueleze yanavyokwenda. Chora mguu alasiri, mtu akiwa amesimama, kwa sababu mguu hupanuka kutwa. Ongeza milimita 5 hadi 7 kuuzunguka. Tia alama penye nafasi ya kidole gumba na penye vifundo. Tabaka la juu liwe ngozi imara ya milimita 3, mikanda iwe ya milimita 2 iliyokatwa mgongoni, ipite kwenye mipasuo ya tabaka la juu, ikunjwe chini yake, ibandikwe na kushonwa kabla ya kuweka soli. Avae mwenye mguu, avute mikanda mpaka imkae, ndipo uibandike. Soli waachie watu wa lugabire, yaani ndala za tairi: wanajua kulikata tairi, nawe huna haja ya kupigana nalo kwa kisu cha pochi. Soli yao na mikanda yako ya ngozi vitatoa kiatu cha kudumu.

Vitu vyote hivi vikikamilika, adui wake hapo Jinja ni unyevu wa ziwa na mto. Usivihifadhi kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Ngozi iliyonyimwa hewa hupata ukungu. Uiweke kwenye mfuko wa pamba, na ukungu ukijitokeza uupanguse kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba kisha uianike kivulini. Mafuta ya kupikia yasikaribie ngozi, kwa kuwa huchacha yakatoa harufu. Siagi ya shea kutoka kaskazini, iliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, ni dawa nzuri ya ngozi ikipakwa kidogo sana. Ijaribu kwenye kipande kibaya kwanza, kwani huifanya rangi ikolee.

Nimebakiza ngozi ya mbuzi. Iliyokauka kwenye wambo bado ni ngozi ghafi: ikilowa hurudi laini na huanza kuoza, kwa hiyo haifai kwa pochi wala makubadhi mpaka isindikwe. Kusindika kwa magome nyumbani kunawezekana, lakini kunahitaji kuiloweka, kuitoa manyoya kwa chokaa, kuikwangua, na kuihamisha kwa majuma kutoka maji hafifu ya magome hadi makali, pamoja na maji machafu ambayo hayapaswi kumwagwa kwenye mtaro unaoelekea Nile. Kromu usiifikirie kabisa nyumbani. Masheikhe wengi hufundisha kwamba ngozi ya udhahiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi, haiuzwi na mwenye kuchinja, bali huitumia au huitoa sadaka, basi itumieni. Kwa kuwa ghafi ikikauka hukaza kama mbao, inafaa kuwamba kigoda: iloweke kwenye maji safi kwa saa kadhaa mpaka ilainike, nyoa manyoya kwa wembe ukipenda, itandaze juu ya fremu ya kigoda, toboa matundu kuizunguka sentimita 2 kutoka ukingoni, na uivute kwa kamba iliyokatwa kutoka ngozi hiyohiyo, upande mmoja kisha ule unaoukabili. Ikauke kivulini, itajikaza yenyewe. Wachongaji ngoma wa Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, hutegemea tabia hiyohiyo ya ngozi kila siku, na ukipita huko unaweza kusimama uwatazame wanavyovuta kamba. Na Idi ijayo, mkitaka kuipeleka ngozi mpya kwa msindikaji, ienezeni chumvi upande wa nyama ndani ya saa chache baada ya kuchuna, chumvi ya kiasi cha theluthi ya uzito wake, muikunje na kuiweka mahali penye ubaridi kwenye mteremko ili maji yake yachuruzike.